Mashine kwa Jina la Mkawasi

Sheria haikumwonea mtu haya: kifaa usichoweza kukitengeneza, hukimiliki. Mwakio, mwalimu wa historia, alifeli mtihani wa elektroniki, na mkaguzi akaja kuchukua mashine inayomsaidia kupumua.

"Ngoja kwanza," alisema mkewe Mkawasi, mfamasia aliyejifunza kutengeneza mashine hiyo kwa machozi. Akaifungua mashine, akabadilisha kapasita iliyoungua, ikanguruma.

"Basi ni yako, mama," mkaguzi akasema. "Ukitaka kuizima, hakuna wa kukuuliza."

Mkawasi alicheka, akidhani ni mzaha. Mwakio hakucheka.

Siku chache baadaye mchuzi ulizidi chumvi. Mwakio, bingwa wa kulalamika mezani, aliumaliza wote huku akimtazama mkewe usoni.

"Mtamu sana," akasema.

Mkawasi alitamani mumewe amgombeze kama zamani.