Kipa wa Akiba

Msimu mzima timu ya chuo cha ualimu haikupoteza mechi hata moja, na msimu mzima Tindwa, kipa wa akiba, hakuingia uwanjani. Sasa ilikuwa mechi ya mwisho naye alikuwa anamaliza chuo. Mama yake alikuwa amekuja kutoka kijijini kumwona akicheza.

Zikiwa zimebaki dakika chache, chuo kikiongoza kwa bao moja, kipa Mbaruku alianguka akishika goti. Kocha alimkimbilia.

"Siwezi kuendelea, mwalimu."

Kocha alilitazama goti. Halikuwa hata na mkwaruzo.

"Tukifungwa leo, kazi yetu yote imekwenda na maji," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua, mwalimu. Lakini mama wa watu amesafiri tangu alfajiri."

Kocha akageukia benchi, akamwita Tindwa. Mbaruku akavua glovu zake zilizolowa jasho, akamvalisha mwenzake.

"Nenda, ndugu yangu. Lango ni lako."

Mara wapinzani wakapata kona. Mpira ulipaa, ukashuka langoni, na Tindwa akaruka katikati ya vichwa, mikono ameinyoosha. Kocha alishindwa kutazama. Alifumba macho, akalishika bega la Mbaruku kwa nguvu.