Mshumaa wa Mwalimu Kadege

Kwaya ya mji ule ilikuwa na sheria moja tukufu: anayetaka kuongoza wimbo wa sikukuu aimbe kwanza mbele ya mshumaa. Moto ukizimika, anarudi mstari wa nyuma kuitikia "aaa" na wenzake mpaka azeeke.

Siku ya zamu ya Skolastika, Mwalimu Kadege aliushika mshumaa mwenyewe, karibu kabisa na midomo ya binti huyo, kwa uso wa mtu aliyebeba jeneza.

"Dada, rudi tu nyuma," alinong'ona Bonge, mwimbaji wa besi. "Kule kuna hadi feni."

"Ngoja, utayameza hayo maneno."

Akaanza. Sauti ilipanda, ikajipinda, ikamwagika kama shanga sakafuni, kisha ikapanda tena hadi mahali ambapo kwaya ile haijawahi kufika. Moto ulisimama wima, haukutikisika hata kidogo. Wasichana wakashikana mikono. Bonge akasahau kufunga mdomo.

"Mama yangu mzazi!" Mwalimu akapiga ukelele, na pumzi yake ikauzima mshumaa.

Skolastika hakukoma. Aliendelea kupanda, macho kwenye moshi, huku Mwalimu akijipapasa mifukoni kutafuta kiberiti.