Mpunga wa Wifi

"Wifi, niangalizie mpunga wangu usije ukaliwa na kuku. Si upo tu nyumbani?" Zubeda aliuanika mkekani, akaenda zake sokoni.

Mwanaidi aliinamia kazi yake. Cherehani yake ilikuwa pale dirishani, na sare kumi na mbili za shule zilikuwa bado hazina mikono. Jana tu, mbele ya wageni, wifi huyohuyo alimwita mvivu asiye na kazi.

Uzuri wa kushonea nyumbani ni kwamba wingu unaliona mapema. Mwanaidi aliliona. Akafunga dirisha, akazidi kukanyaga cherehani.

Zubeda alirudi mbio, amelowa chapachapa. "Wifi! Mvua yote hii hukuiona?"

"Nilikuwa kazini."

Nyuma ya Zubeda, mpunga ulikuwa ukipita na maji kuelekea mtaroni.