Ukuta wa Kipusa

Saa kumi na moja na robo jioni, saa ambayo mumewe alikuwa amemwambia yuko kwa mama yake, Vidole alimkuta vitani.

Jina lilikuwa pale kwenye orodha ya wachezaji: Winchi. Mume alikuwa fundi wa lifti, na jina hilo alijipa mwenyewe miaka sita nyuma, akiwa amekaa kwenye kompyuta namba nne ya duka hili hili la uchapaji. Ndipo walipojuana. Yeye mpiga chapa, aliyeitwa Vidole kwa kasi yake. Mwanamume mteja asiyechapisha kitu, anayekuja kucheza mchezo mmoja tu, vita vya miaka ijayo, miaka ambayo siku hizi imeshapita na vita vyenyewe havikutokea. Walipooana mchezo wakauacha. Au labda Vidole ndiye aliyeuacha.

Leo alikuwa ameufungua kwa kuwa wateja ni haba. Na Winchi hakuwa peke yake. Alikuwa upande mmoja na mtu anayejiita Kipusa.

Aliingia kama mtazamaji, akaona ambayo bora asingeyaona. Kambi ya Kipusa ilikuwa imezungushiwa ukuta wa safu mbili, na mzinga kila pembe. Winchi ndiye aliyeujenga. Vidole aliujua ukuta ule, maana enzi za uchumba ulikuwa wake.

Nyumbani alimtega mumewe kwa upole.

"Mama hajambo?"

"Anaendelea vizuri," mume alisema, akitabasamu peke yake. "Twende siku moja basi. Kila siku anakuulizia."

"Nitakwenda kazi zikipungua."

Kazi gani, na kompyuta tatu zimelala. Mama mkwe alikuwa amepigwa na kiharusi miezi minne iliyopita, na Vidole alikuwa amemtembelea mara mbili tu. Hakumchukia. Alimwogopa. Bibi yule alikuwa mtu wa neno moja: aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba sukari basi, na hata kwenye harusi ya mwanawe chai aliinywa chungu vile vile. Sasa mtu kama huyo, umekaa wiki na wiki hujamjulia hali, unaingia kwake na uso gani?

Kumwaza Kipusa kulikuwa rahisi zaidi.

Kila jioni alitazama. Kipusa angekuwa hodari, pengine angemvumilia. Lakini yule hakujua kitu. Kukusanya vifaru vingi kwa pamoja kulimshinda. Alichukua kimoja, akakipeleka taratibu, akarudi kuchukua kingine, kama mtu anayehamisha vikombe vya watu. Na Winchi anamsubiri. Winchi huyo huyo, ambaye zamani Vidole akichelewa kidogo tu alikuwa akimwambia, "Mama, tunakufa huku."

Hapo ndipo wivu ulipomkaba. Alimfikiria karani wa stoo kazini kwa mumewe, yule mwenye kicheko kirefu, akajiambia kikulacho ki nguoni mwako. Usiku akigeukiwa, anageukia ukutani.

Wiki ya tatu Kipusa alianza kuingia peke yake, mchana, Winchi akiwa kazini. Anajifunza, Vidole aliwaza. Anataka kumpendeza.

Akajiandikisha upya kwa jina la Mwiba, akamwandikia: "Tupigane mimi na wewe. Atakayeshindwa anafuta jina lake, harudi tena."

Dakika mbili zilipita. Kisha likaja neno moja tu: "haya".

Maringo hayo, Vidole alisema moyoni. Hata kuandika mpaka ajisikie.

Vita vilichukua nusu saa. Kipusa alijijengea ukuta mwenyewe, umepinda huku na huku, una mapengo, lakini safu ni mbili. Vidole alikata umeme wa kambi kwanza, akachoma magari ya mafuta, kisha akapeleka vifaru thelathini kwa mpigo. Kipusa hakukimbia. Kila mzinga ulipoanguka aliinua mwingine, polepole, pale pale. Ulipobaki mnara mmoja Vidole alisita kidogo, kwa sababu ukaidi ule ulikuwa wa kuheshimiwa. Akamkumbuka karani wa stoo. Akaubomoa.

Herufi zilikuja moja moja.

"umenishinda. ahadi ni ahadi."

Na jina la Kipusa likafutika kwenye orodha.

Vidole alifunga duka mapema. Njiani aliimba. Alipika, akajipaka manukato, akakaa mezani kumsubiri mume wake, wake peke yake.

Mume alifika kabla ya saa yake ya kawaida. Hakusalimia. Alitoa mfukoni kipanya cha kompyuta kilichozungushiwa waya wake, akakiweka mezani.

"Mama amenirudishia hiki," alisema. "Hataki hata kukiona."

Vidole alikitazama.

"Daktari wa viungo ndiye aliyesema tumtafutie kitu cha kuuchezesha ule mkono uliokufa. Juzi vidole vitatu vilikunjuka. Leo nimemkuta ameuficha chini ya shuka. Kuna mtu amempiga mchezoni mchana, na yeye alikuwa ameshaahidi kwamba akishindwa anaacha. Wewe unamjua Mama na neno lake."

Alivuta kiti, akakaa.

"Alinikataza nisikwambie. Alitaka siku utakayokuja, akumiminie chai kwa mkono ule ule."