Namba ya Siri ya Marehemu

Kwa asubuhi ya sita mfululizo, marehemu Isakwisa alikuwa ameandika kwenye faili la kifo chake mwenyewe.

"Msifunge. Chunguzeni upya." Maneno yaleyale, kwa namba ya siri ileile ya kuingilia mfumo wa kampuni aliyopewa alipoajiriwa kuwa mlinzi. Evarista, mtunza mafaili ya uchunguzi wa kampuni moja ya ulinzi mjini Iringa, aliyasoma tena na tena mbele ya kompyuta. Wenzake wa chumba cha operesheni walikuwa wameshaacha hata kukisogelea kiti chake.

Yeye ndiye aliyeandika taarifa ya kifo hicho. Kibanda cha mlinzi kule Nyololo kiliungua kwa jiko la mkaa, maana baridi ya Juni huko haina adabu. Mwili haukutambulika kwa sura, lakini daftari la lindo lilisema wazi: Isakwisa, ameingia saa kumi na mbili jioni. Evarista akajaza jina, akampigia simu mama wa marehemu, kule Kilolo, wakazika jeneza likiwa limefungwa.

"Funga hilo faili Ijumaa," alisema Amos, mkuu wa operesheni. "Mambo ya mizimu mpelekee mchungaji."

Evarista hakuweza. Kama amemkosea mtu aliyekufa, ataishije? Hata wa kumweleza hakuwa naye. Mdogo wake Anord, mlinzi wa hukohuko Nyololo, alikuwa likizo Mbeya kwa mchumba wake. Simu haipatikani wiki ya pili sasa, wala kumzika rafiki yake hakuja. Mapenzi yamemlevya, mjinga yule.

Asubuhi ya saba aliandika chini ya maneno yale: "Unataka nini?"

Jibu lilikuja palepale. "Njoo Kihesa, nyuma ya kanisa, saa nane mchana. Peke yako."

Alikwenda huku akisali. Mtu aliyeinuka kwenye benchi alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa, lakini alikuwa Isakwisa, na alikuwa anapumua.

Evarista alimshika mabega, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Nilikwenda Njombe kwenye usaili wa kazi nyingine, dada," Isakwisa alisema. "Kimyakimya, nisifukuzwe. Kurudi, nakuta mmeshanizika. Nikaogopa. Wangesema nimeua."

"Na jina lako kwenye daftari?"

"Si unajua tunavyofanya sisi walinzi. Anayekushikia lindo anasaini jina lako, ofisi isijue."

Evarista alikuwa ameshatoa simu. Alitaka asikie mwenyewe vigelegele vya yule mama wa Kilolo. Kidole kikasimama juu ya namba.

"Sasa aliyekushikia ni nani? Kwao wana habari?"

Isakwisa hakumtazama usoni.

"Aliniambia mchumba wake wa Mbeya anaweza kungoja siku moja, dada."