Fulana ya Mei Mosi

Mwalimu Mbelwa alijitoa kwenye chama cha walimu kwa kelele zilizofanya kuku wa mtaa mzima kutaga kabla ya siku zao. "Chama gani? Kazi yake kugawa fulana!" Ya kwake akaifanya dasta ya kufutia ubao.

Leo kamati ya nidhamu imemwita. Diwani anadai mwanawe amepigwa darasani, na Mbelwa hakumgusa hata unywele. Mwanachama huingia na mtetezi. Asiye mwanachama huingia peke yake, na wa namna hiyo hajawahi kurudi kufundisha.

"Dada Zawena, twende basi," Mbelwa alimsihi mwakilishi wa chama.

"Natamani, Mwalimu. Wataniuliza kadi yako iko wapi."

"Kwa hiyo nikafe?"

"Si ulituita wagawa fulana?" Zawena alijaribu kucheka, akashindwa.

Jina la Mwalimu likaitwa. Mbelwa akaikung'uta ile dasta, akaivaa juu ya shati. Maandishi ya kifuani yalikwishafutika yote. Akaingia akikohoa, mlango ukafungwa.

Nje, vumbi la chaki likabaki limesimama kwa umbo la mtu, likisubiri.