Jambazi Aliyeshika Jani la Sale

Polisi alisimama hatua sita mbele yake, bastola mkononi, na Elifuraha alitakiwa achomoe ya kwake ili apigwe risasi afe.

Ndivyo alivyoandikiwa. Miaka thelathini, jukwaani na kwenye filamu, aliigiza majambazi, na jambazi kwa waandishi wetu lazima afe. Hii ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapa angerudi kwa migomba yake na ng'ombe wawili, wala hakuwa na kinyongo.

Lakini siku hiyo walirekodi Old Moshi, kwenye kihamba, shamba la ukoo alikozaliwa, na mkono wake ulipoteremka kiunoni uligusa majani marefu yenye umande. Ulikuwa ua wa masale aliopanda babu yake.

Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akamnyooshea polisi kwa mikono miwili.

Polisi akashusha bastola.

"Mbona humpigi?" akauliza mwongozaji, mtu wa Dar es Salaam.

"Ameshika sale, bosi. Mchagga akikupa hilo anaomba msamaha. Ukimkatalia, unajitafutia balaa."

"Jamani, hii ni filamu."

Mama aliyeigiza mjane aliyeporwa akatoka kwenye mibuni, akajifuta mikono kwenye kanga, akalipokea jani.

"Yameisha, baba," alisema. "Karibu nyumbani."

Maneno hayo hayakuwemo kwenye skripti.

"Kata," mwongozaji akasema kwa uchovu.

Mpiga kamera, Mchagga mzaliwa wa Marangu, hakukata.